Nani Aliirudisha Treni?

Mume wangu, Abundio Maestas, alikuwa akinikataza kukohoa. Huko mlimani, penye upepo na kunguru na mito inayopiga kelele mchana kutwa, mimi Orlinda peke yangu ndiye niliyekatazwa kukohoa, kupiga chafya, hata kufungua pipi. "Ukisikia kikohozi kinakuja, meza mate," alikuwa ananiambia. "Na uyameze polepole." Hebu fikiria, mwanamume mzima mwenye wajukuu anamwambia mkewe ameze mate polepole! Na mimi nilikuwa nameza.

Abundio alizaliwa kwenye kambi ya watu wa reli, huku kwetu juu, mpakani mwa Colorado na New Mexico. Baba yake alishindilia kokoto chini ya mataruma mpaka mgongo ukapinda, na yeye mwenyewe akashindilia kokoto mpaka mgongo wake nao ukaanza kulalamika. Mizigo ilipohamia kwenye malori, reli yetu ikabaki ya watalii, na zile injini za makaa ya mawe zikawa za kupandisha watu mlimani kutazama miti. Mwenzangu alikuwa ameshanunua kamera kwa mtalii mmoja aliyeishiwa nauli, na tangu siku hiyo ninaishi na treni ndani ya nyumba. Treni ukumbini, treni jikoni juu ya jiko, treni chooni. Hata siku ya harusi yetu alisimamisha watu wote mbele ya stesheni, mapadri na wapiga fidla, tungoje injini ije nyuma yetu. Ikaja, na moshi wake. Kwenye picha ya harusi yangu mimi nimefumba macho na mdomo nimeukunja, na injini imetoka vizuri ajabu.

Basi kila mwaka miti ya aspeni inapoanza kugeuka, ile yenye magome meupe, na mlima mzima ukawa wa rangi ya dhahabu, huja watu kutoka kila pembe na kamera zao. Wanaikodi treni nzima. Treni inapanda nao, inasimama mahali penye mandhari nzuri, inawateremsha wote majanini. Halafu inarudi kinyumenyume mpaka inapotelea nyuma ya kona, kana kwamba imewatelekeza. Wao wanajipanga mstari mmoja, kamera tayari. Kisha treni inakuja mbele kwa nguvu zake zote, moshi mweusi juu, mvuke mweupe pembeni, king'ora kinalia, inawapita wakipiga picha. Ikishapita inasimama kule mbele, inarudi polepole kuwachukua, na safari inaendelea. Ukiniuliza mimi, ni wendawazimu wa kulipia nauli. Kwa Abundio ilikuwa ibada.

Yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa mstari. Wafupi mbele, warefu nyuma, na asikanyage mtu hata kidole nje ya mstari. Na kimya! Kwa sababu nusu ya watu wale wanachukua video yenye sauti, wanataka pumzi ya injini na magurudumu na mwangwi wa korongo, hawataki kikohozi cha mtu. "Atakayekohoa leo," alikuwa anawatangazia, "ajue atasikika sebuleni kwa mwenzake mpaka wote wawili wafe." Mama mmoja kutoka Texas aliwahi kucheka treni ikipita. Abundio hakumruhusu kushuka tena siku ile, akabaki kwenye behewa analia, na mimi ndiye niliyempelekea kahawa ya kumtuliza.

Redio ya mkononi alikuwa haitaki kabisa, eti inakoroma kama nguruwe. Alimwachia Facundo Casaus ndani ya treni. Facundo ndiye gadi wa treni ile, na ndiye aliyembatizisha binti yetu, kwa hiyo mimi kwake ni komadre, na hilo kwetu ni undugu mzito kuliko wa damu. Abundio alizungumza na Facundo kwa kofia, kama baba yake alivyofanya. Kofia ikipungwa upande kwa upande, maana yake njooni mtuchukue. Ikizungushwa duara, maana yake rudini nyuma ya kona, tunarudia. Facundo aliitii kofia ile kuliko alivyomtii padri.

Na mimi? Mimi nauza kahawa na burito, zile chapati za kukunja, za pilipili ya kijani kwenye behewa la mizigo, na mdomo wangu unajulikana kutoka stesheni hadi stesheni. Treni ikiwa inarudi kinyumenyume, picha zimeisha na watu wameruhusiwa kupumua, mimi hupunga aproni yangu na kumpigia Facundo makelele, namtukana kidogo, naye ananipungia mkono. Ndio mchezo wetu.

Sasa sikiliza yaliyonipata.

Ilikuwa safari ya mwisho ya msimu. Theluji ilikuwa njiani, na upepo ulikuwa umeshaanza kuyapukutisha majani. Ukitazama nje ya dirisha yanaruka makundi makundi. Asubuhi ile Abundio aliamka rangi imemtoka, anasugua kiwiko cha mkono wa kushoto.

"Una nini?"

"Nimelalia mkono."

"Umelalia mkono au umelalia ukaidi?"

"Linda, kahawa."

Burito hakula. Yule ni mtu wa burito mbili kabla jua halijatoka, akaniachia zote mezani. Nikamwambia leo usiende, akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo kanisani. "Leo? Siku ya mwisho? Kesho hakuna jani hata moja pale juu, Linda. Watu wametoka Ohio!"

Ohio alimaanisha Wendell Pruitt. Huyo ni pande la mtu, mpole, ana pua nyekundu, na anatembea na kipaza sauti kirefu kwenye fimbo, kimevishwa manyoya utadhani paka aliyekufa. Alikuwa amekuja miaka na miaka akitafuta kitu kimoja tu: jua, mvuke na dhahabu kwa wakati mmoja, na sauti safi juu yake. Mwaka huu mawingu, mwaka ule mvua, mwaka mwingine injini iliharibika. Abundio alikuwa amemwahidi. "Utaipata kabla sijafa," alimwambia, nao wakacheka wote wawili.

Tulifika kona ya Yegua, karibu na kileleni, alasiri imekwenda. Facundo akatoka mlangoni, saa mkononi. "Abundio, hapa mara moja tu. Tukirudia tutashuka gizani na Ronnie atanilaumu mimi." Ronnie Chacón ndiye dereva. Abundio akaitikia kwa kichwa. Watu wakashuka, stendi za kamera zikafunguliwa, treni ikarudi nyuma ikapotea. Pale hakuna barabara, hakuna nyumba, na simu hazishiki. Ni reli na miti na korongo.

Halafu jua likatoka. Lilipasua wingu likaanguka juu ya ile miti, jamani, mlima ukawaka. Hata mimi niliyeuchoka mlima ule tangu utotoni nilibaki mdomo wazi. Nilimwona Pruitt anajifuta macho.

"Kimya," akasema Abundio. Aliisema chini chini, na mstari mzima ukaganda.

Nilikuwa nimesimama kando yake mwisho wa mstari, kwa sababu nilikuwa nimempelekea kahawa akaikataa. Nikasikia injini kule nyuma ya kona inaanza kuhema. Nikamtazama mume wangu. Baridi ya kupasua midomo, na yeye jasho linamtiririka mpaka kwenye kola! Mkono wake ulikuwa umelishika koti kifuani, umelikunja, umelikamata kama mtu anayemkamata mwizi. Magoti yakaanza kulegea. Nikafungua mdomo.

Akaniwekea kidole midomoni.

Siyo mdomoni pangu, mdomoni pake. Anaanguka, mtu yule, anateremka taratibu majanini mgongo umeegemea mti ili asifanye kishindo, na kidole kiko juu ya midomo yake, ananinyamazisha! Nisikufiche, nilimeza mate. Injini ilikuwa imetokeza pale konani, kubwa, nyeusi, moshi umesimama juu yake, na mimi nimesimama pale nameza mate na mume wangu yuko chini.

Kisha macho yake yakapinduka nikaona weupe mtupu. Hapo nikapiga yowe.

Wee! Yowe lile sijui lilitoka wapi. Korongo lililipokea likalirudisha, na king'ora cha treni hakikulizima. Na unajua nini? Hakuna aliyegeuka. Hata mmoja! Watu wote wale, mashavu yamebanwa kwenye kamera, vidole vinabonyeza, treni inapita mbele yao behewa baada ya behewa, na mimi napiga kelele "Anakufa! Anakufa!" na migongo yao imetulia tuli. Niliona migongo tu. Mpaka behewa la mwisho lilipopita ndipo waligeuka.

Na neno la kwanza nililolisikia lilitoka kwa Pruitt. "Ah, mama Orlinda," alisema, "umeniua."

"Mimi nimekuua wewe? Wewe ndiye uliyelala chini hapa? Tazama!"

Akatazama. Wote wakatazama. Rangi zikawabadilika, wengine wakaweka mikono vichwani. Mwanamke mmoja akaanza kusema Mungu wangu, Mungu wangu, na kamera bado ameikumbatia. Nilivua koti nikamwekea Abundio chini ya kichwa. Macho yalikuwa yamerudi, yananiangalia, lakini midomo ilikuwa ya bluu. Alikuwa anapumua kwa vipande vipande.

Treni ilikuwa imesimama kule mbele ikingoja ishara. Ndani ya treni ile kulikuwa na redio, kulikuwa na machela, kulikuwa na njia pekee ya kutoka kwenye mlima ule. Nikainuka, nikampa Abundio mgongo, nikavua aproni nikaipunga kwa nguvu zote, upande kwa upande, kama kofia yake. "Facundo! Njooni! Njooni upesi!"

Treni ikapiga ving'ora vifupi, ile sauti yake ya kusema narudi nyuma. Moyo ulinirudi kifuani. Nikamwambia Abundio bila kugeuka, "Inakuja, mzee, vumilia, inakuja." Ikaja. Facundo amesimama nyuma ya behewa la mwisho, ambalo sasa ndilo lililotangulia, nikamwona uso wake vizuri kabisa. Nikapunga, nikapayuka. Naye akanipungia mkono, anacheka.

Haikupunguza mwendo.

Ilitupita. Nakwambia ilitupita, behewa kwa behewa, injini ikiwa ya mwisho, Ronnie ameinamia mambo yake, na mimi nateremka ule mteremko natimua mbio na viatu vya jikoni, nalia, nagonga hewa kwa aproni, na kelele za injini zinanimeza. Facundo aliniona nakimbia. Baadaye aliniambia alidhani nimeamua kumfurahisha kwa kuwa ni siku ya mwisho. Ikaingia nyuma ya kona. Moshi tu ukabaki.

Kwenda kule nyuma, kusimama, kukusanya mvuke, kurudi kwa kasi, hiyo yote ni dakika ambazo mtu wangu hakuwa nazo. Na treni haiwezi kufanya hivyo yenyewe. Lazima mtu ameiambia irudie.

Nikapanda juu damu inanichemka. "Nani ametoa ishara?"

Kimya. Sasa ndipo wanajua kunyamaza!

"Nauliza nani ameirudisha treni? Nani? Mtu anakata roho, ninyi mnataka picha nyingine?"

Kuna mmoja, simtaji jina, akasema pole pole, kana kwamba ananisaidia, "Mama, maadamu imekwenda, si tungoje tu ipite?" Na akarudi nyuma ya stendi yake! Haki ya Mungu nilidhani nimesikia vibaya. Mwingine akakohoa, akarekebisha lenzi, akaona nimemwona, akaiacha. Nikatazama mstari mzima nikamwona Pruitt, mkono mmoja bado uko juu, umeshika ile fimbo yenye paka. Mkono juu! Ndiye aliyelia nimemharibia sauti ya video yake. Ndiye aliyeahidiwa.

Nikamzaba kibao. Lilikuwa kofi la kumfikia kwa kuruka, maana ni mrefu, na miwani ikaruka majanini. "Muuaji!"

Alipiga magoti, nikadhani anatafuta miwani, kumbe anafungua begi lake la kamera. Akatupa lenzi moja huku, nyingine kule, vitu vya bei mbaya vikabingirika kwenye mawe, akatoa kichupa cha vidonge. "Aspirini," akasema. "Mimi pia moyo wangu mbovu. Atafune, asimeze." Akatambaa mpaka kwa Abundio, akamfungua mdomo kwa vidole vyake vinene, akamtia kidonge, akamfungua vifungo vya shati. "Tafuna, don Abundio. Tafuna, rafiki." Abundio akatafuna. Macho alikuwa amefumba.

Nikasikia king'ora nyuma ya kona. Inakuja tena.

Kama ingepita tena kwa kasi ile, ingekwenda kusimama kule mbele, ingengoja kofia tena, na nani angemwambia Facundo? Sikuwa na akili ya kutafuta kofia. Nikateremka mteremko kwa mara ya pili nikapanda juu ya reli, nikasimama katikati, mataruma chini ya miguu yangu, mikono nimetanua.

Niliogopa. Watu wananisifu, wanasema Orlinda ana moyo wa chuma. Chuma gani? Nilijikojolea. Reli ilianza kunitetemeka miguuni kabla sijaiona treni, halafu ikatokeza, na ukiwa umesimama mbele yake siyo ile ya kwenye picha. Ni ukuta unaokuja. Nikasema Mama Bikira nishike, nikafumba macho. Na pale nilipofumba macho, nyuma yangu, juu kule kwenye mstari, nilisikia kamera ya mtu inabonyezwa. Kweli kabisa. Mtu alinipiga picha.

Kilichotuokoa ni kwamba pale ni kupanda. Ronnie alikamata breki, magurudumu yakapiga kelele, mvuke ukanimwagikia na joto likanipiga usoni. Nilipofumbua macho injini ilikuwa mbele yangu, umbali wa kutoka altareni hadi benchi la kwanza.

Ronnie akachomoza kichwa, mweupe kama unga. "Mama Orlinda! Umerukwa na akili?"

"Abundio anakufa, mjinga wewe! Leteni machela!"

Hapo ndipo kila kitu kilikwenda mbio. Facundo alikuja anakimbia na redio inakoroma. Pruitt alibeba upande wa kichwani, uso bado una alama ya vidole vyangu. Tulimlaza kwenye behewa langu la mizigo, kati ya mabirika ya kahawa, na Ronnie akateremsha treni ile mlimani kwa namna ambayo hajawahi na hataruhusiwa tena. Njia nzima nilikuwa nasema na Abundio, namwambia asinifanyie hivyo, namtukana, nambembeleza. Alinibana kidole mara moja. Pale barabara inapokata reli, gari la wagonjwa lilikuwa linangoja, taa zinazunguka.

Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba. Wakauzibua. Daktari, binti mdogo, alisema kile kidonge kilimsaidia sana, na kwamba angechelewa kidogo zaidi tungekuwa tunazungumza habari nyingine. Nilikaa kwenye kiti cha korido nikalia mpaka pua ikaziba.

Siku zilizofuata nilimsema Pruitt kwa kila aliyekuja kutuona. Kidonge chake sawa, nilikubali, lakini ni yeye aliyeirudisha treni, kisha dhamiri ikamsuta. Aliniletea maua, nikayapeleka kwa mgonjwa wa jirani. Mtu yule alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Mama, mimi sijui hata hiyo ishara inatolewaje." Nikamwambia aende zake.

Kisha akaja Facundo. Alikuwa amebeba chungu cha mchuzi wa pilipili ya kijani aliopika mkewe, akakiweka sakafuni, akakaa kando yangu koridoni. Hakuvua kofia, na Facundo ni mtu wa kuvua kofia hata mbele ya mbwa. Nikajua kuna neno.

"Komadre, yule bwana wa Ohio usimseme tena."

"Nitamsema mpaka niingie kaburini."

"Siyo yeye." Akafuta mdomo. "Mimi ningemtii nani pale, komadre? Mgeni anipungie fimbo niirudishe treni, wakati mwenyewe nimesema mara moja tu? Sijawahi kumtii mtu mwingine pale. Wewe ulikuwa umesimama unapunga aproni. Nyuma yako, chini, niliiona kofia. Niliona mkono umeinuka kutoka majanini, na kofia inazunguka. Nilidhani amekaa kupumzika."

Sikumwelewa. Kweli, sikumwelewa. Nilimwambia arudie, akarudia, na machozi yanamtoka.

"Ni Abundio, komadre. Ni yeye aliyetwambia turudie."

Nikainuka nikaingia chumbani nikafunga mlango. Alikuwa ameketi ameegemezwa mito, mirija puani, waya kifuani, na ile mashine kando yake inalia ti, ti, ti. Rangi ilikuwa imemrudia. Alikuwa anatazama dirishani.

"Abundio. Nani alizungusha kofia?"

Hakugeuka. "Facundo ana mdomo mrefu."

"Nakuuliza wewe."

"Mimi."

Hivyo tu. Mimi. Kama mtu aliyeulizwa nani kamaliza sukari. Nilishika chuma cha kitanda.

"Ulikuwa unakufa!"

"Nilijua." Akalamba midomo. "Ndiyo maana, Linda. Jua lilikuwa limetoka. Ulipiga yowe, sauti zao zote zikaharibika. Yule Pruitt amengoja miaka yote ile. Nikasema basi, siwezi kuondoka nimewaharibia watu. Wapate moja nzuri, halafu na mimi niende."

"Mimi nilikuwa nimekupa mgongo naita msaada, na wewe nyuma yangu unaufukuza?"

"Sikuufukuza. Niliona bado kitambo kidogo."

"Na mimi? Mimi ulinifikiria?"

Akafikiri. Alifikiri kweli kweli, kwa sababu Abundio hajui kudanganya, na hilo ndilo lililonichosha naye maisha yangu yote.

"Wewe sikukufikiria," akasema. "Wewe nilijua upo hapo karibu."

Nilitaka kumng'oa ile mirija. Nilitaka kumkumbatia. Nilisimama tu, halafu nikasikia sauti yangu inatoka, ya chini, siyo ile watu wanayoijua.

"Sikuwa karibu, Abundio. Nilikuwa relini."

"Reli gani?"

"Ulikuwa umefumba macho, hukuona. Na hakuna aliyekwambia. Treni yako ile, ile uliyoiita kwa kofia, iliporudi kwa kasi nilisimama mbele yake. Katikati ya reli. Hakukuwa na njia nyingine ya kuisimamisha."

Akageuka. Tangu nimjue, na nimemjua tangu ana meno yake yote, sijawahi kuuona uso ule. Mdomo ulifunguka ukabaki wazi. Alinitazama miguu, akanitazama mikono, akanitazama tumbo na mabega, kipande kwa kipande, kama anayehakikisha vyote vimerudi.

"Ulisimama wapi, Linda?"

"Relini."

"Ronnie anakuja kwa kasi yote pale. Ronnie haoni kitu mpaka amemaliza kona. Linda. Pale haoni. Mimi najua pale, haoni. Linda!"

Mkono wake ulikuwa unanitafuta juu ya shuka, unapapasa, na mashine ikaacha ti, ti, ti yake ikaanza kulia mfululizo kama kengele ya moto. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, muuguzi akaingia mbio, akanisukuma kando, akamshika mabega. Abundio alikuwa analia kwa sauti, mdomo wazi, kwa makelele ambayo yalisikika korido nzima, na hakuuachia mkono wangu.

"Umemwambia nini mgonjwa?" muuguzi akanifokea. "Mama, umemwambia nini?"

"Nimemwambia nilikokuwa," nikasema.